Naomba ushauri: bakteria wa baharini wanaota lakini hawang'ai

Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Bakteria wangu watoao mwanga, Aliivibrio fischeri, wanaota vizuri kwenye agari (jeli ya kuoteshea), ila mwanga hakuna, hata gizani kabisa. Jeli naichanganya hivi kwa lita moja: peptoni (protini iliyovunjwavunjwa) gramu 5, dondoo ya hamira gramu 3, gliserini mililita 3, agari gramu 15, chumvi gramu 30. Chumvi haikwepeki, maji matupu ya Ziwa Tanganyika yangepasua seli.

Nashuku joto. Chumba kinafika nyuzi 29, nao hupenda 20 hadi 25. Bila inkubeta ya baridi (kabati la kuoteshea lenye kipoza), beseni lenye chupa za barafu litashikilia usiku kucha?

Halafu lebo. Mwanabakteria Mholanzi Beijerinck aliwaita Photobacterium mwaka 1889, jina la pili, fischeri, likimuenzi mwanabakteria Mjerumani Bernhard Fischer. Baadaye wakawa Vibrio, na tangu 2007 Aliivibrio. Chupa imeandikwa Vibrio. Nibadilishe, au niandike yote mawili?