Kufundisha chuo kikuu Marekani kwa viza ya J-1: tupeane uzoefu

Kipanga: Wakuu, muhula wa Agosti unakaribia na kuna wenzetu wameshapata mikataba. Habari za baridi tumezisikia vya kutosha. Tuweke hapa mambo ya karatasi, pesa na darasa, hasa kwa wanaoingia kundi la maprofesa na watafiti la J-1, viza ya programu za kubadilishana. Wa Fulbright FLTA, yaani wasaidizi wa kufundisha lugha, wana utaratibu wao.

Naanza na karatasi, maana mfuatano wake ndio unaowaponza watu. Ukishavuka uhamiaji, chapisha I-94 (rekodi yako ya kuingia nchini) mtandaoni ukague jina, tarehe ya kuingia na aina ya viza. Sisi wa majina matatu tuangalie hapo sana: jina la I-94, la pasi na la DS-2019 (cheti cha programu yako ya J-1) yakipishana, kila ofisi itakurudisha. Halafu peleka DS-2019 ofisi ya wageni ya chuo wakuingize kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wageni wa J-1, mwisho siku 30 tangu tarehe ya kuanza iliyoandikwa humo. Namba ya Social Security (hifadhi ya jamii), inayotumika kwa mshahara na kodi, iwe ya mwisho. Ukiikimbilia siku ya pili, mfumo wao haujakuona bado. Subiri kama siku 10. Kadi ni bure na huja kwa posta, kwa hiyo uwe na anwani ya uhakika.

Bi Chausiku: Naongezea hapo kwa Kipanga. Kukosa namba hiyo hakuzuii kuanza kazi. Kinachobana ni fomu I-9, ya kuthibitisha kuwa unaruhusiwa kufanya kazi: mwajiri lazima azione pasi, I-94 na DS-2019 ndani ya siku 3 za kazi tangu uanze.

Pesa sasa. Ukianza katikati ya Agosti, mshahara wa kwanza unaweza kuingia mwisho wa Septemba. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja, na nyumba yenyewe huwa tupu, hata kitanda hakuna. Mkataba wa nyumba kwa kawaida ni miezi 12, wa kazi huenda ni 9, basi uliza kabla ya kusaini kama unaruhusiwa kumpangishia mtu mwingine wakati wa kiangazi. Laini ya nyumbani msiiache ife. Namba za siri za benki zinatumwa huko huko.

Mhasibu: Fungueni hati ya mshahara wa kwanza msome makato. Mkiona Social Security 6.2% na Medicare (bima ya afya ya wazee) 1.45%, mmekatwa kimakosa: mwenye J-1 ambaye kikodi bado si mkaazi hakatwi hayo. Dai kwanza kwa mwajiri. Akishindwa, nenda IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na fomu 843 ya kudai kurudishiwa.

Ukaazi wa kikodi unahesabiwa kwa miaka ya kalenda, na miwili ya kwanza siku zako hazihesabiwi. Aliyeingia Agosti 2025 kwa mara ya kwanza ameshautumia mwaka 2025 wote, amebaki na 2026, na kuanzia 2027 siku zake zinahesabiwa. Hadi hapo ni fomu 1040-NR (ritani ya kodi ya asiye mkaazi) pamoja na 8843 (ya kueleza siku zisizohesabiwa), mwisho Aprili 15. Programu za kodi za wenyeji hutoa 1040 ya kawaida, unajikuta umedai nafuu zisizo zako. Mwenzako wa Ujerumani asipokatwa kodi ya mapato, usimwige. Nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani. Tanzania na Kenya hazina.

Mwalimu wa Ngeli: Darasani, jambo la kwanza ni alama. Kwetu A inaanzia 70, na mwalimu akitoa 75 ametoa kwa ukarimu. Kule A inaanzia 90, na 68 ni D. Ukisahihisha kwa jicho la nyumbani, wiki ya tano nusu ya darasa iko mlangoni kwako na mkuu wa idara amepata barua pepe. Dawa yake si kugawa alama ovyo. Andika vigezo kabla ya zoezi, gawa pointi kwa kila kigezo, na viweke kwenye silabasi pamoja na adhabu ya kuchelewesha kazi. Silabasi inasomwa kama mkataba. Usichokiandika humo ni shida kukidai Novemba.

Wiki ya kwanza na ya pili orodha ya wanafunzi hubadilika, kwa hiyo mtihani wa maana usiuweke hapo. Mwanafunzi akileta barua ya ofisi ya ulemavu inayompa muda mara moja na nusu, mpe bila kumhoji anaumwa nini. Mzazi akiuliza alama za mwanawe, usijibu. Sheria ya FERPA ya 1974, inayolinda siri za rekodi za wanafunzi, kwa kawaida inakataza bila ridhaa ya mwanafunzi. Karatasi zilizosahihishwa nazo zisirundikwe nje ya mlango kila mtu achambue.

Kwa walimu wa Kiswahili: vipindi 3 vya dakika 50 kwa wiki 15 ni saa 37 na nusu tu. Wanadiplomasia wa Marekani hupewa wiki 36 za kusoma Kiswahili kutwa. Ngeli zote muhula wa kwanza ni ndoto, jamani. Anza na M-WA, KI-VI na N.

Kipanga: Na wenye familia?

Bi Chausiku: Mwenzi mwenye J-2, viza ya familia ya mwenye J-1, anaomba kibali cha kazi kwa fomu I-765, akiwa ameshaingia nchini. Huchukua miezi, basi bajeti ya mwanzo isitegemee kipato chake. Na kabla ya kusafiri likizo, DS-2019 zenu zote zisainiwe na ofisi ya chuo, za watoto pia.