Mrejesho: ile habari ya kusahau kwangu

Wandugu, mwezi jana niliuliza kama mtu mzima wa miaka 34 anaweza kuwa na ADHD, ile hali ya kushindwa kuelekeza umakini na kutotulia, ambayo madaktari wetu hapa Lubumbashi wanaiita TDAH kwa Kifaransa. Wengi mlinijibu ni ugonjwa wa watoto wanaopanda madirisha. Mmoja akasema anayeweza kushona usiku kucha hana lolote, ni uvivu tu.

Nimemwona daktari wa akili. Hakupima damu wala kunipiga picha ya kichwa. Kipimo cha namna hiyo hakipo. Tuliongea, saa mbili nzima. Aliuliza usingizi, huzuni, tezi ya shingo, maana hivyo navyo huvuruga akili. Kisha akataka habari za utoto, kwa sababu mwongozo wa Marekani wa 2013 wa kutambua magonjwa ya akili unadai dalili ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Nikampigia simu mama, anayekaa mtaa wa Katuba. Akacheka: "Weye! Nilikutuma chumvi, ukarudi na paka."

Kuhusu kushona: umakini ninao, ila siuelekezi nipendapo. Gauni la arusi linanimeza hadi alfajiri, huku kitenge cha mteja mwingine kinalala chini ya cherehani wiki tatu. Na kutotulia kwa mtu mzima mara nyingi kuko ndani. Kwa nje nimekaa kimya, ndiyo maana darasani hakuna aliyeniona.

Jibu ni ndiyo, ninayo. Dawa tutazizungumzia miadi ijayo. Kwa sasa kila kitenge kimebanwa karatasi ya tarehe, na mdogo wangu ndiye anashika pesa za wateja. Mume wangu bado anasema ni mambo ya wazungu.