Mikwaruzo kwenye hodhi la kuogea: inatoka kwa msasa wa maji au ndiyo basi tena?

mwanga_sokoni (Kigoma):
Wakuu, habari za jioni. Kuna hodhi la kuogea jeupe, limekwaruzika vibaya. Chini, pale pa kukanyaga, ni mistari mingi myembamba ya stili waya. Ukipitisha ukucha haukwami. Ubavuni karibu na bomba kuna mkwaruzo mmoja wa sentimita 12 hivi, na huo ukucha unakwama. Juu yake kuna utando mweupe ambao sabuni haiutoi. Msasa wa maji namba 400 na 1000 upo tayari. Wengine wanasema dawa ya meno inatosha. Kulibadilisha maana yake ni kuvunja vigae, kwa hiyo naomba ushauri wa uhakika.

fundi_wa_rangi:
Mkuu, msasa uweke chini kwanza. Lazima ujue hilo hodhi ni la nini, maana dawa ya moja ni sumu ya jingine.

Chukua sumaku. Ikinata, hilo ni chuma chenye enameli, yaani tabaka la kioo lililochomwa juu ya chuma, na msasa hauhusiki kabisa: ukishaondoa mng'ao wa kioo hakuna kompaundi (dawa nzito ya kung'arishia) itakayourudisha ukiwa nyumbani. Isiponata, gonga kwa kiungo cha kidole. Mlio mzito wa plastiki na uso usio na ubaridi maana yake ni akriliki (plastiki ngumu) au faibaglasi (plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo). Kuzitofautisha, tafuta ukingo uliokatwa, kwa mfano kwenye tundu la kutolea maji. Akriliki ina rangi hiyohiyo kwa ndani. Faibaglasi ina ngozi nyembamba ya rangi, kisha nyuzi.

Hilo ni muhimu kwa sababu msasa haujazi mkwaruzo. Unashusha uso wa pembeni mpaka ulingane na chini ya mkwaruzo. Bapa la akriliki huwa la milimita 3 hadi 5 kabla ya kuumbwa (kwenye kona hubaki jembamba zaidi, maana plastiki huvutwa), kwa hiyo una nafasi ya kushusha. Ngozi ya faibaglasi, ile jelikoti, ni kama nusu milimita tu.

bomba_isevya (Tabora):
Naongezea kuhusu huo utando. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali, pH yake inakaribia 9, na yakikauka juu ya hodhi huacha chokaa. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya utando dakika 10, sugua kwa sponji laini, suuza. Kama ni enameli ya zamani usizidishe dakika 2 au 3, asidi huila ikafifia. Fanya hivyo KABLA ya msasa. Punje za chokaa zikikatika chini ya msasa zinachora mistari mipya, halafu utalaumu msasa.

Dawa ya meno si uongo, ila kazi yake ndogo. Ile nyeupe nzito ina unga wa kusugulia, inapunguza mistari hafifu. Ya jeli haifai. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha, dawa ya meno haiuwezi hata ukisugua wiki nzima.

mwanga_sokoni:
Asanteni sana. Sumaku hainati, na kwenye tundu la maji rangi ni nyeupe mpaka ndani, hakuna nyuzi. Kwa hiyo ni akriliki. Sasa hiyo 400 naitumia wapi?

fundi_wa_rangi:
Hiyo 400 iache kabisa. Itachimba mistari mikubwa kuliko ya stili waya, na utatumia muda mwingi kuifuta yenyewe kuliko mkwaruzo uliokusudia. Nunua namba 800, 1200, 1500 na 2000. Maduka yanayouza rangi za magari hapo Mwanga ndiko pa kuulizia. Karatasi moja ya kila namba inatosha.

Loweka msasa dakika 10 kwenye maji yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo. Uzungushie kipande cha sponji ngumu au raba. Usisukume kwa ncha ya kidole, utachimba mfereji ambao mwanga wa dirishani utauonyesha kila siku. Kwa mkwaruzo wa ubavuni anza na 800, ukipanuka kama sentimita 10 kila upande ili bonde lisionekane. Mistari ya chini ianzie 1500.

Siri iko kwenye mwelekeo. Kama 800 ulikwenda kulia na kushoto, 1200 nenda juu na chini. Futa, kausha, tazama kwa tochi iliyolazwa ubavuni: ukiona mstari wa mwelekeo wa zamani, hujamaliza, usipande namba. Wengi wanaruka kutoka 800 kwenda 2000, kisha wanashangaa polishi inang'aa lakini mistari imo. Badilisha maji kila namba. Punje moja ya 800 ikibaki ndooni inaharibu kazi ya 2000.

Ukimaliza 2000 uso utakuwa mfifu kama maziwa, usiogope. Paka kompaundi ya magari kwa kitambaa laini cha pamba, kwanza ya kukata, kisha ya kulainisha. Ukitumia drili yenye pedi ya sponji, usizidi mizunguko 1,500 kwa dakika na usitulie mahali pamoja, kwa sababu akriliki hulainika kwa joto na kompaundi itajibandika humo. Usifute kwa thina wala asetoni hata tone: akriliki hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na hizo hazisuguliki.

bomba_isevya (Tabora):
Kwa wenye faibaglasi watakaosoma hapa: msasa ukianza kuonyesha kivuli cha rangi nyingine, acha hapohapo, jelikoti imekwisha. Inajazwa kwa jelikoti mpya na hadina yake (dawa ya kuigandisha), asilimia 1.5, yaani gramu 1.5 kwa gramu 100. Kwa joto la huku inaanza kuganda ndani ya robo saa, changanya kidogokidogo. Vaa miwani, hiyo hadina inapofusha. Funika juu kwa nailoni, maana hewa huizuia jelikoti kukauka na uso hubaki unanata. Fila ya bodi ya magari usiiweke, inanyonya maji na kubanduka.

mwanga_sokoni:
Nimeelewa. Na nta ya magari mwishoni?

fundi_wa_rangi:
Kuta za ubavuni paka, inasaidia chokaa isishike. Sakafu ya hodhi USIPAKE, mtu atateleza. Na ile stili waya itoke bafuni, usafi uwe wa sponji na sabuni ya maji.