Naomba ushauri: mwangwi wa Mapango ya Amboni unafunika sauti ya mwimbaji

Habari zenu wakuu. Niko Tanga, namiksi taarabu ya dada mmoja mwenye sauti nzito, tamu mno. Badala ya rivebu (mwangwi wa kuongezea sauti) za kwenye programu, nilipasua puto ndani ya Mapango ya Amboni, nikarekodi mlio wake na kuutumia kama sampuli ya rivebu ya konvolusheni, yaani ile inayoipa sauti mwangwi wa mahali halisi palipորekodiwa. Mwangwi wa yale mawe ya chokaa una uhai ambao sijaupata kwingine, sitaki kuuacha.

Shida ni kwamba mashairi hayasikiki, na taarabu bila maneno si taarabu. Silabi zinamezana, halafu chini ya hezi 300 kuna mvumo unaogombana na besi. Nimekata besi kwenye chaneli ya rivebu, nimechelewesha mwangwi kwa milisekunde 40. Afadhali kidogo. Nikishusha rivebu zaidi, pango linapotea kabisa.

Je, niweke kompresa (kidhibiti cha ukubwa wa sauti) iibane rivebu anapoimba na kuiachia akinyamaza, au niufupishe mkia wenyewe, yaani ile sehemu ya mwangwi inayofifia mwishoni? Na kuna faida kurudi pangoni na spika, nipige mlio unaopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000 badala ya puto?

Natanguliza shukrani.