Bunju wa Nile pamoja na oska wawili na pleko: tangi kubwa litatuliza ugomvi?

Mkazi wa Ntinda

Habari zenu wafugaji. Nina bunju wa Nile (Tetraodon lineatus, yule mwenye mistari ya manjano ubavuni), sasa ana sentimita 17. Anakaa na oska (samaki wapana wa mapambo) wawili wa sentimita 20 na pleko (samaki anayekwangua mwani) wa sentimita 25 katika tangi la sentimita 120 × 45 × 45. Alipokuwa mdogo hakumgusa mtu. Siku hizi mikia ya oska imekatwa vipande vya nusu duara, na mmoja ana jeraha pembeni mwa jicho.

Nataka kujengesha tangi la 180 × 60 × 60 niwahamishe wote humo, kisha niongeze gogogo wawili na kambare mmoja mchanga kutoka bwawani. Maswali yangu: nafasi ikiwa kubwa ugomvi utaisha? Ni samaki gani mkubwa anayeweza kuvumiliana naye? Aliyeniuzia anasema nitie chumvi majini, ni kweli? Na hapa Kampala chakula chenye magamba magumu nakipata wapi?

---

Fundi Vioo

Hautaisha, ssebo (bwana). Utaahirishwa tu.

Bunju huyu anaishi peke yake kwa asili. Chakula chake ni konokono, kaa na kome, kwa hiyo ana mdomo wa kupasua, na kinachopasua gamba hakishindwi na pezi. Hizo nusu duara unazoziona ni alama za mdomo wake. Akiwa na sentimita 5 hadi 10 huwa anajificha na kula, na hapo ndipo wauzaji humwita mpole. Kuanzia sentimita 15 hivi anaanza kuhesabu tangi zima kuwa lake. Anafika sentimita 40 na zaidi, kwa hiyo wako hajafika hata nusu.

Jicho ni jambo la kuangalia kuliko mkia. Mkia unaota tena maji yakiwa safi, jicho halioti. Akianza kulenga macho, watenganishe leo hii, hata kama ni kwa kuwaweka oska kwenye pipa la plastiki la lita 200 lenye pampu ya hewa na sponji la kuchujia lililotolewa kwenye tangi lako la sasa. Sponji jipya halina bakteria wa kusafisha maji, amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) itapanda ndani ya siku mbili tatu.

Sasa samaki uliowataja. Oska ni mpana, anaenda polepole, tena mdadisi: anamfuata bunju kumchungulia na kung'atwa. Pleko ana ngozi ya mifupa lakini macho na mapezi yake yako wazi. Tena usiku, bunju akiwa amejizika mchangani, pleko huja kumkwangua ute mgongoni. Bunju hana magamba ya kumkinga, na kidonda cha namna hiyo huota ukungu. Kwa hiyo hapo anayeumizwa si oska peke yao. Gogogo ana miiba na anajificha vizuri, ila ataishi pangoni maisha yake yote na kutoka usiku kula mabaki. Huko si kufuga.

Kambare usimtie kabisa. Kambare humeza chochote kinachoingia kinywani. Bunju akimezwa hujijaza maji na kuvimba kooni, na mwili wake una sumu ya tetrodotoksini. Wote wawili wanaweza kufa. Ni hivyo hivyo kwa kamongo, semutundu (jamii ya kambare) na sangara: samaki yeyote mwenye kinywa kinachomtosha bunju.

Chumvi hapana. Kuna bunju wa mdomo wa mto na wa baharini wanaoihitaji, huyu ni wa maji baridi tangu kuzaliwa mpaka kufa. Chumvi ya kila siku itamchosha yeye, na pleko ataumia zaidi.

Ninachokushauri: wagawane maji, wasigawane chumba. Jengesha tangi la 150 × 60 × 60 la bunju peke yake (lita 540), oska wabaki kwenye lile la 120 (lita 243), na yote mawili yateremshie maji kwenye tangi moja la kuchujia lililo chini. Oska wawili ndani ya lita 243 wamebanana, sitakudanganya, lakini mzunguko wote utakuwa na lita zaidi ya 900 na uchafu hautapanda haraka. Pleko mtafutie mtu mwingine, atafika sentimita 40. Ukipunguza urefu kutoka 180 hadi 150 kioo kitakachobaki kinasaidia kulipia pampu.

Kioo kwa kimo cha sentimita 60: milimita 12, na ukanda wa kioo wa sentimita 6 kuzunguka juu ndani. Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiwe na dawa ya kuzuia ukungu kama zile za bafuni. Kiunzi cha chuma wachomeleaji wa Katwe wanakitengeneza vizuri, waambie bomba mraba la milimita 50, na kati ya chuma na kioo weka ubao halafu stairofomu ya sentimita 2. Tangi la 150 likijaa, pamoja na kioo na mchanga, linapita kilo 700. Liwekwe juu ya sakafu ya chini au kando ya ukuta unaobeba nyumba, si katikati ya ghorofa.

Mchanga laini sentimita 7 hadi 8 ili ajizike. Kokoto zinamchubua tumbo.

---

Mama Konokono

Naongeza upande wa chakula, maana wengi wanakosea hapo na lawama inawaendea samaki.

Meno ya bunju hayaachi kukua. Akilishwa minofu mitupu kwa miezi, yanapita midomo, anashindwa kufunga kinywa, anakonda huku chakula kikiwa mbele yake. Angalau nusu ya milo iwe na gamba.

Msiende kuokota konokono ukingoni mwa Ziwa Victoria. Hao wa mviringo bapa na wale wadogo wenye ncha ndio wanaobeba kichocho. Samaki hatapata kichocho, utapata wewe uliyeingia majini miguu mitupu, au uliyetia mkono kwenye ndoo waliyokaa mchana kutwa. Vimelea vinatoka kwenye konokono na kupenya ngozi nzima, haihitaji kidonda.

Zalisha nyumbani. Beseni mbili za lita 60, maji ya bomba yaliyotolewa klorini, konokono wa tangi kutoka kwa mfugaji mwenzio. Walishe majani ya sukuma wiki au dodo (mchicha) yaliyochemshwa dakika mbili, na kipande cha ganda la yai lililooshwa kwa ajili ya gamba. Badilisha theluthi ya maji kila wiki. Beseni ya pili ipumzike wakati unavuna ya kwanza, la sivyo utamaliza wazazi.

Nyongeza: kaa wa mtoni aliyegandishwa kwenye friza wiki moja kwanza, na uvunje koleo zake kabla ya kumpa. Kamba wa baharini wenye ganda ni sawa mara moja kwa wiki, wasiwe chakula kikuu: wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na bunju anayekula hao tu anadhoofu hata akiwa na tumbo la mviringo. Mukene (dagaa) mkavu wa sokoni achaneni nao, una mchanga na mara nyingi chumvi.

Kwa sentimita 17, mlo siku moja, kupumzika siku moja. Akipita 25, mara mbili au tatu kwa wiki. Acha tumbo likiwa limevimba kidogo tu. Lisha kwa koleo refu. Mdomo uliopasua kaa hautofautishi kidole.

---

Entebbe Maji Baridi

Fundi, naona umefunga mlango mno. Kuna wafugaji wanaomweka bunju mkubwa na samaki wengine kwa miaka. Na mbona hukutaja kioo cha kugawa? Tangi la 180 likigawanywa 110 kwa 70, kazi imekwisha bila mabomba ya ziada.

---

Fundi Vioo

Wale ni mbu, Tetraodon mbu wa Ziwa Tanganyika na Mto Kongo. Yule kweli wengi wao ni watulivu zaidi, lakini anapita sentimita 60 na tangi lake linaanzia lita 2,000. Huwezi kuchukua tabia ya mbu ukamvika fahaka, yaani bunju huyu wa Nile. Hata kwa mbu, anayefanikiwa huwa na samaki wepesi wanaokaa maji ya juu, na tangi la akiba limesimama tayari.

Kioo cha kugawa nakikubali kwa muda. Kikidumu, oska wanabaki na sentimita 70 kwa 60, wakati kila mmoja anafika 30. Na ukikitumia kiwe kioo cha milimita 6 kilichotobolewa. Wavu wa plastiki anautafuna, na usiku mmoja unatosha.

Vivyo hivyo hita. Anang'ata waya na kupasua kioo cha hita, kwa hiyo ikae kwenye tangi la chini. Usiku wa Kampala hushusha maji hadi 22 hivi, yeye anataka 25 hadi 27. Hita ya wati 300 ikiwaka nusu ya siku inakula yuniti 3.6 za Yaka (umeme wa kulipia kabla), pampu ya wati 40 haifiki yuniti moja kwa saa 24. Bandika stairofomu nyuma na pembeni mwa matangi kabla ya kununua hita kubwa zaidi.

Maji: badilisha asilimia 40 kila wiki, naitreti (mabaki ya uchafu majini) isipite miligramu 40 kwa lita. Thiosalfeti ya sodiamu gramu 10 kwa lita 1,000 inaondoa klorini ya bomba. Maji ya ziwani ni laini, pH (kipimo cha uasidi wa maji) inaweza kuporomoka tangi likichafuka, kwa hiyo weka mfuko wa kilo moja ya makombe yaliyopondwa kwenye chujio. Kwa makazi ya bakteria, mawe ya volkano ya Kisoro yenye vitundu yanafaa, yaoshwe mpaka maji yatoke meupe. Ugonjwa ukiingia, dawa yenye shaba usiimimine kwenye mzunguko huu. Bunju haistahimili.

---

Mkazi wa Ntinda

Nimeelewa, kambare na chumvi nimeviacha, pleko ana mtu. Sasa umeme ukikatika, matangi mawili ya juu hayatamwagika yote chini? Na lile la zamani nalitoboaje?

---

Fundi Vioo

Kwanza hakikisha kioo cha nyuma hakijakazwa kwa moto. Kikiwa kimekazwa, kitapasuka vipande vidogo mara tu keekee ikigusa. Kama huna hakika, mpe fundi akijengee ukuta mpya wa nyuma. Usinunue kile kisanduku cha kunyonya maji kwa kupita juu ya ukingo. Kikiingia hewa umeme ukiwa umekatika, pampu ikirudi inajaza tangi la juu mpaka sakafuni.

Toboa karibu na juu, matundu mawili kila tangi, bomba la inchi moja na nusu. Moja linafanya kazi, la pili liko sentimita 2 juu zaidi kama akiba endapo konokono ataziba la kwanza. Weka ukuta mdogo wa kioo mbele yake, wenye meno ya kukatwa, si wavu.

Hesabu ya kurudi: tangi la 150 × 60 linatoa lita 9 kwa kila sentimita maji yanayoshuka, la 120 × 45 linatoa 5.4. Yakishuka sentimita 3 kote, ni lita 43. Ongeza yaliyomo kwenye mabomba. Acha lita 70 tupu kwenye tangi la chini wakati pampu inafanya kazi, weka alama ya rangi, usijaze kupita hapo hata siku ya kubadilisha maji.

Bomba linalopandisha maji linaweza kunyonya kinyumenyume pampu ikizimika. Litoboe tundu la milimita 5, sentimita moja chini ya uso wa maji, kwenye kila tangi. Maji yakishuka hapo hewa inaingia na mnyonyo unakatika. Lisafishe kila mwezi, mwani hulipenda.

Kisha jaribu kabla ya samaki kuingia: chomoa pampu, subiri dakika kumi, angalia alama, chomeka tena, angalia tena. Umeme ukikatika zaidi ya saa mbili, washa pampu ya hewa ya betri, jiwe moja kila tangi. Usilishe siku hiyo.