Mwajiri akikubandika stika ya kupima jasho, utakubali?

Mja_Kibokoni: Wanajamii, swali ni hili. Siku hizi kuna saketi laini zinazobandikwa mwilini, ngozi ikivutika nazo zavutika, na zapima mapigo ya moyo, joto na jasho. Tuseme mwenye yadi ya makontena anataka kila kibarua avae, ati ajue nani yu karibu kuzimia kwa joto. Ni haki yake? Mimi nasema asiruhusiwe. Joto la Februari hapa halina haja ya stika, lataka maji na kivuli.

Kuli_Changamwe: Mtu ambaye hata glavu kuzipata kwake ni vita, ndiye atanunua stika? Halafu Mombasa hii plasta gani itakaa? Nikibeba gunia jasho lateremka mpaka ndani ya kiatu. Saa moja nyingi, iko chini.

Fundi_Tudor: Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Mwaka 2017 timu ya Takao Someya wa Chuo Kikuu cha Tokyo ilitoa wavu wa dhahabu mwembamba mno. Waulaza kwenye ngozi, wanyunyiza maji, nyuzi za gundi zayeyuka, dhahabu yabaki. Jasho lapita matunduni, na watu walikaa nao wiki nzima bila kuwashwa. Na ile ya kuvutika: silikoni, ile ya kutengenezea chipu, ikiwa nene huvunjika, ikipunguzwa sana hupinda. Waya nao haunyooshwi, huchorwa kama zigizagi ya cherehani, ngozi ikivutika wenyewe wajikunjua. John Rogers wa Stanford alionyesha hayo 2011.

Dokta_Mtarajiwa: Rogers si wa Stanford. 2011 alikuwa Illinois, sasa yuko Northwestern. Wa Stanford ni Zhenan Bao.

Fundi_Tudor: Illinois, Stanford, kote ni Marekani. Hoja imebadilika?

Mama_Zai: Nyinyi mwasimulia ya ng'ambo, mamangu anavaa. Ile ya sukari, nyuma ya mkono, siku 14 yabadilishwa. Ukingoni imenasa nyuzi za buibui lake na vumbi, juu tumepiga plasta ya kawaida isibanduke. Lakini usiku sukari ikishuka simu yalia, twaamka. Kwa hivyo msiseme stika ni mbaya.

Dokta_Mtarajiwa: Ile si ya jasho, dada. Ina kiuzi kinachoingia chini ya ngozi, chapima majimaji yaliyo kati ya seli, ndiyo maana namba zake huwa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Na mwili wake ni plastiki ngumu, haivutiki. Lakini tuseme ukweli, wazee wetu hapa hawahitaji stika, wahitaji kuacha mahamri. Mahamri sita na chai ya sukari kila asubuhi, kisha twashangaa kisukari kimetoka wapi.

Mama_Zai: Sita umemhesabia wewe? Mamangu hatii sukari kwenye chai. Chunga ulimi, kijana.

Bingwa_wa_Mbaazi: Hamri limekukosea nini? Babu yangu alikula mahamri kwa mbaazi mpaka akazikwa, na kisukari hakuwa nacho.

Kuli_Changamwe: Babu yako alitoka Kisauni mpaka mjini kwa miguu. Wewe dukani tu waita tuktuk.

Bingwa_wa_Mbaazi: Wanijua? Umeniona wapi?

Nimehamia_Bamburi: Wanga ni wanga jamani, hata ugali.

Bingwa_wa_Mbaazi: Haya, wa ugali naye kaingia.

Mja_Kibokoni: Tulikuwa kwa mwajiri, wallahi.

Wakili_Baridi: Nasema mara moja kisha nalala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yaweka habari za afya katika data nyeti. Ridhaa lazima iwe ya hiari. Kibarua wa siku akiambiwa "vaa au usirudi kesho", hiari iko wapi? 2023 si watu Nairobi walipanga foleni kupigwa picha za macho na Worldcoin, wale wa sarafu ya kidijitali, kwa kama sh 7,000? Serikali ilisimamisha Agosti, macho yashapigwa picha.

Fundi_Tudor: Basi tukatae kila kitu? Stika za huyo huyo Rogers, 2019 zilijaribiwa kwa watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, ambao nyaya za kawaida zikitolewa zatoka na ngozi. Mama ampakata mwanawe bila waya. Hata hiyo mwaikataa?

Kuli_Changamwe: Mtoto mchanga hafutwi kazi. Moyo wangu ukienda mbio saa nane mchana, msimamizi haniiti kivulini. Kesho yake jina langu halisomwi getini. Stika imeniokoa au imenichongea?

Bingwa_wa_Mbaazi: Dokta, na mahamri ya iliki yasiyotiwa sukari nayo vipi? Nauliza tu.

Dokta_Mtarajiwa: Unga mweupe ndani ya mafuta, bwana. Ni yale yale.

Mama_Zai: Huyu bado yuko?

Mja_Kibokoni: Kuli, na ikiwa namba zaja kwenye simu yako peke yako, msimamizi haoni kitu?

Kuli_Changamwe: Anunue nani?

Fundi_Tudor: Za jasho nyingine hazina hata betri, wasogeza simu nayo yaisoma. Nyingine hubadilika rangi tu.

Kuli_Changamwe: Rangi hata msimamizi aiona.

Nimehamia_Bamburi: Mama Zai, ile ya sukari mwaipata wapi na ni bei gani? Ni kwa ajili ya baba.

Mama_Zai: Niandikie pembeni nikueleze. Hapa dokta atatuhesabia mahamri.