Savimbi alipouawa Luanda ilishangilia: furaha ile tuisomeje?

Mwalimu wa Kasulu (mleta mada)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nafundisha historia kidato cha sita, na kila tunapofika kwenye vita vya Angola huulizwa swali ambalo bado sijalijibu kwa namna inayoniridhisha. Jonas Savimbi, kiongozi wa UNITA, kundi la waasi lililopigana na serikali, aliuawa na jeshi la serikali tarehe 22 Februari 2002 katika mkoa wa Moxico, mashariki mwa nchi, baada ya kusakwa porini kwa muda mrefu. Habari ilipofika Luanda, mji mkuu, watu walimiminika barabarani, madereva wakapiga honi, risasi zikafyatuliwa hewani na wengine wakacheza ngoma. Siku zilizofuata televisheni ya taifa ikaonyesha maiti yake, akiwa amevaa sare za kijani za kijeshi, majeraha ya risasi yakionekana waziwazi.

Wanafunzi wangu, ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo, hushtushwa na kushangilia kule kuliko wanavyoshtushwa na kuuawa kwenyewe. Huniuliza kama watu wale walikuwa wameingiwa na ukatili, au walikuwa wamepangwa na serikali, au kuna jambo ambalo sisi tuliokaa mbali hatulioni. Nami naongeza swali langu: je, serikali ilifanya vema kuuonyesha mwili ule? Naomba wenye kuifahamu Angola wanisaidie. Naomba pia tusihamie kwenye vita vinavyoendelea leo, maana mjadala utakuwa wa kambi na swali litapotea.

Mkaazi wa Upanga

Mwalimu, swali lako ni zito na nimefurahi kwamba vijana wanaliuliza. Mimi nina umri wa kutosha kukumbuka habari za Angola zikisomwa redioni tangu 1975, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi huru za Afrika wa wakati huo, na wengi wa rika langu tulimhesabu Savimbi kuwa mtu aliyeuza ukombozi, kwa sababu alipokea silaha na askari kutoka kwa makaburu wa Afrika Kusini. Baadaye akapokewa na Rais Reagan Ikulu ya Marekani mwezi Januari 1986, na Mobutu, mtawala wa Zaire, akamfungulia njia ya kupitishia silaha. Nasema haya ili ujue nilipo, nisije nikajifanya hakimu asiye na upande.

Hata hivyo, furaha ya Luanda haikutokana na siasa hizo za Vita Baridi. Waonyeshe wanafunzi wako miezi iliyotangulia kifo chake. Mwezi Agosti 2001 wapiganaji wa UNITA walishambulia treni ya abiria kusini-mashariki mwa Luanda: ilikanyaga bomu la kutegwa, kisha waliokuwa wakijaribu kukimbia wakamiminiwa risasi, na watu zaidi ya 250 wakafa. Hao walikuwa wachuuzi, akina mama wenye mizigo yao, watoto. Rudi nyuma tena hadi 1992, mwaka ambao Waangola walipiga kura kwa mara ya kwanza wakiamini kwamba vita vimekwisha. Rais Dos Santos alipata asilimia 49 na nusu, Savimbi asilimia 40, na badala ya kuingia duru ya pili Savimbi alikataa matokeo na kurudi vitani. Kuito, mji wa mkoa wa Bié, ilizingirwa kwa miezi mingi hadi mji ukabaki magofu, watu wakizika wafu wao kwenye bustani za nyumba. Ukaona chama cha mtu huyo huyo kikitia saini mkataba wa amani wa Lusaka mwaka 1994, halafu vita vikaanza upya mwaka 1998, utaelewa kwa nini mama wa Luanda aliyepoteza wanawe wawili aliamini kwamba amani haitapatikana maadamu Savimbi anapumua.

Kwa hiyo mimi sioni ukatili katika ngoma ile. Naona watu ambao, baada ya miaka 27, waliamini kwamba vita vina jina moja, na jina hilo limefutwa. Kama imani hiyo ilikuwa sahihi kabisa ni suala jingine.

Kuhusu kuonyesha mwili, kumbuka kwamba Savimbi alikuwa ametangazwa kufa mara nyingi kabla ya hapo, kisha akaibuka tena akiwa hai. Serikali ingetoa tangazo tupu, nani angeliamini?

Bint Mvita

Mzee wangu wa Upanga, shikamoo. Nimekusoma kwa makini na sehemu kubwa ya historia uliyoieleza siipingi, lakini naomba nitofautiane nawe katika mambo mawili.

La kwanza ni kwamba Luanda si Angola yote. Asilimia 40 ya wapiga kura wa 1992 walikuwa watu wenye majina na nyumba zao, na wengi wao walikuwa Waovimbundu wa nyanda za juu za kati, Huambo na Bié, ambao kwao Savimbi alikuwa mtoto wa nyumbani aliyeinuka dhidi ya wakubwa wa pwani. Tusisahau kwamba mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1992 wafuasi wa UNITA, na watu waliodhaniwa kuwa wafuasi kwa sababu tu ya kabila lao, waliuawa mitaani hapo hapo Luanda, na makamu wa Savimbi wakati huo, Jeremias Chitunda, akiwa miongoni mwa waliouawa. Sasa niambie, mtu aliyeponea siku zile, akasikia honi na risasi za furaha mwaka 2002 nje ya dirisha lake, angethubutu kulia? Kamera zilikwenda waliko wachezaji. Waliojifungia ndani hawakupigwa picha, na mwanafunzi anayesoma habari kwa kutazama picha atadhani nchi nzima ilicheza.

Hata ndani ya UNITA kwenyewe huzuni haikuwa ya namna moja. Kuna familia ambazo Savimbi aliziangamiza akiwa ngomeni Jamba, na ukoo wa Chingunji, uliotoa waasisi na wanadiplomasia wa chama hicho, ulikaribia kufutwa wote. Jamaa wa watu hao nao walipokea habari ile wakiwa na hesabu zao wenyewe.

La pili ni mwili. Maiti ana haki zake: kuoshwa, kusitiriwa, kuzikwa na watu wake. Sheria ya vita nayo inataka maiti ya adui iheshimiwe, si maiti ya rafiki peke yake. Kuthibitisha kifo kungewezekana kwa picha chache, kwa daktari, kwa mashahidi, kwa jamaa kuitwa kuutambua mwili. Kilichofanyika ni kumweka wazi kama windo, kisha kumzika upesi kwenye makaburi ya Luena, mji mkuu wa Moxico, bila familia yake kupata fursa ya kumzika kwa heshima. Nakubali kwamba ulihitajika ushahidi, Mzee. Ninachokataa ni kwamba ushahidi na udhalilishaji ni kitu kimoja.

Mtoto wa Dilolo

Wandugu, mimi ni Mkongomani wa Katanga, na nimekulia upande ule ambapo reli inayotoka Angola inavuka mpaka kutoka Luau kuingia Dilolo. Naandika kwa sababu kuna kundi ambalo halijatajwa bado, nalo ni wakimbizi wa Moxico, mkoa ambao Savimbi alifia. Wengi walikuwa Waluvale na Wachokwe, na waliishi kwetu kwa miaka mingi, wengine Kisenge, wengine vijijini kwa jamaa zao, kwa kuwa mpaka ule ulikata koo katikati.

Habari ilipofika kwao sikumwona hata mmoja akicheza, na sikumwona aliyelia pia. Watu walikusanyika kwenye redio, wakasikiliza hadi mwisho, wakaanza kuulizana. Mzee mmoja wa Kichokwe, aliyekuwa fundi wa reli zamani, alisema: "Bunduki zake sasa ziko kwa nani?" Swali hilo ndilo lililozungumzwa jioni nzima. Akina mama waliuliza kuhusu mabomu ya kutegwa yaliyotapakaa mashambani na njiani, kwa kuwa bomu la ardhini halijui kwamba aliyelitega amekufa.

Wanafunzi wa Mwalimu wafahamu pia kwamba watu hawa hawakukimbizwa na UNITA peke yake. Katika miaka ya mwisho jeshi la serikali lilikuwa likihamisha vijiji vizima kwa nguvu na kuchoma mashamba ili wapiganaji wa Savimbi wakose chakula. Mbinu hiyo ndiyo iliyomdhoofisha hadi akapatikana, na mbinu hiyo ndiyo iliyowafikisha akina mama kwetu wakiwa na watoto waliovimba miguu kwa njaa. Mtu aliyefukuzwa na pande zote mbili hawezi kushangilia ushindi wa upande mmoja.

Furaha niliiona baadaye, mwezi Aprili, na ilikuwa ya aina nyingine. Baada ya Savimbi kufa, makamu wake António Dembo naye alifariki siku chache tu baadaye, na uongozi ukawaangukia Lukamba Gato na wenzake waliokuwa wamechoka. Serikali ilisimamisha mashambulizi katikati ya Machi, majenerali wakakutana Luena, na tarehe 4 Aprili mapatano yakatiwa saini rasmi Luanda. Majenerali walipopeana mikono, watu wetu waliimba kanisani, na baadhi wakaanza kufunga mizigo ingawa safari za kuwarejesha kwao zilianza kupangwa mwaka uliofuata. Mwalimu, ukitaka kuwafundisha vijana wako tofauti, wawekee tarehe hizi mbili ubaoni, 22 Februari na 4 Aprili, kisha waulize ni ipi iliyofanywa sikukuu ya taifa. Ni ya pili, na hadi leo Waangola huiadhimisha kama Siku ya Amani.

Msafiri wa Eastleigh

Nachangia kwa ufupi. Ninachoona ni kwamba Angola imetupa matumaini ambayo hayahamishiki kirahisi kwingine. Ahmed Abdi Godane wa al-Shabaab alipouawa kwa shambulio la ndege za Marekani tarehe 1 Septemba 2014, Nairobi tulipumua, kwani shambulio la kundi lake kwenye jengo la maduka la Westgate lilikuwa halijatimiza hata mwaka. Kundi likamtangaza mrithi wake ndani ya wiki moja, na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 wakauawa Chuo Kikuu cha Garissa. Siwalaumu waliofurahi, maana nami nilikuwa mmoja wao, lakini furaha yetu ilitangulia mbele ya jambo ambalo halikutokea.

Mkaazi wa Upanga

Bint Mvita, marahaba mwanangu. Hoja yako kuhusu waliojifungia ndani nimeipokea, na naiongezea uzito: Bunge la Angola lilipitisha sheria ya msamaha kwa wote siku mbili tu kabla ya tarehe 4 Aprili, kwa hiyo hata wenye damu za 1992 na 1993, wa pande zote, hawakufikishwa popote. Msamaha huo ulisaidia bunduki kuwekwa chini, lakini uliwaacha wafiwa bila mahali pa kupeleka malalamiko yao.

Msafiri, tofauti unayoiona ina sababu. UNITA ya 2002 ilikuwa imekwisha kabla ya kiongozi wake kufa. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa juu ya almasi viliifilisi, Mobutu alikuwa ameondoka, ngome zake za Andulo na Bailundo zilitekwa mwishoni mwa 1999, na wapiganaji zaidi ya 80,000 waliojitokeza baadaye kwenye kambi za kukusanyika, pamoja na wake na watoto wao, walikuwa na njaa kali kiasi kwamba mashirika ya misaada yalipaza sauti. Na chama kilikuwa na viongozi waliokuwa tayari kukaa mezani, na serikali ambayo, nadhani kwa mara ya kwanza, ilichagua kutowamaliza wakati ilikuwa na uwezo huo. Uamuzi huo wa Machi ndio ulioleta amani, na haukupigiwa honi na mtu yeyote.

Mwalimu wa Kasulu (mleta mada)

Nawashukuru sana. Ndugu wa Dilolo, zoezi lako la tarehe mbili nitalitumia darasani. Nina swali moja la mwisho kwa Bint Mvita: je, lile la maiti lilipata kurekebishwa, au liliachwa hivyo?

Bint Mvita

Mwalimu, lilichukua miaka 17. Serikali ya Rais João Lourenço ndiyo iliyokubali mwili ufukuliwe Luena, ukapimwa ili kuhakikisha ni wake, na tarehe 1 Juni 2019 Savimbi akazikwa upya Lopitanga, mkoani Bié, kwenye makaburi ya ukoo wake, mbele ya watoto wake na maelfu ya watu waliosafiri kutoka kila upande wa nchi. Hapo ndipo waliojifungia ndani mwaka 2002 walipoonekana hadharani, wakiimba nyimbo za chama chao mchana kweupe bila mtu kuwagusa. Wapo Waangola walioudhika kuona mazishi yale, hasa wa Kuito waliokuwa bado na mifupa ya jamaa zao isiyotambuliwa, na maudhi yao nayaelewa kabisa. Lakini jeneza lile lilikabidhiwa kwa watoto wake, na kazi ya kutafuta mifupa ya wengine, wa 1992 na wale waliouawa baada ya jaribio la mapinduzi la 1977 pia, imeanza kuzungumzwa na serikali yenyewe tangu mwaka huo. Ukiwa na nafasi, Mwalimu, waonyeshe vijana picha za Lopitanga pamoja na zile za Luanda.